Mwenye ADHD na chumba chake cha kulala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala iliyochapishwa katika ukurasa wa familia Jumamosi mbili zilizopita, ambayo mwandishi wake aliwashauri wazazi wanaowatafutia vijana wao wachumba wapite kwanza chumbani kwa binti, kwa maelezo kwamba chumba kilichovurugika ni dalili ya moyo usiojali na kwamba mwanamke asiyeweza kutandika kitanda chake hawezi kutunza nyumba ya mtu. Niliisoma makala hiyo nikiwa nimekaa juu ya kitanda ambacho siku hiyo hakikuwa kimetandikwa. Nina umri wa miaka 41, nimefundisha shule ya msingi hapa Tanga kwa miaka 17, ni mke na mama wa watoto wawili, na huu ni mwaka wa tatu tangu nilipoambiwa na daktari kwamba nina ADHD, yaani hali ya ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo na ambayo humfanya ashindwe kuongoza umakini wake, kumbukumbu yake ya papo kwa papo na matumizi yake ya muda. Maneno ya mwandishi yule nimeyasikia tangu utoto wangu, na naamini aliyaandika kwa nia njema. Ninachoomba ni wasomaji wake waelezwe pia kinachotokea ndani ya chumba kama changu, maana wengi wao wana mtoto, mke au ndugu anayeishi katika chumba cha namna hiyo.

Kwa miaka mingi chumba changu kilikuwa hivi. Juu ya kiti kulikuwa na lundo la nguo zilizovaliwa mara moja, ambazo si safi za kurudi kabatini wala si chafu za kwenda kufuliwa, na lundo hilo lilipozidi kiti lilihamia miguuni pa kitanda. Madaftari ya wanafunzi yalikaa sakafuni upande ninaolala, vikombe vitatu au vinne vya chai viliganda dirishani, na mvunguni kulikuwa na viatu, mifuko, vitambaa nilivyonunua kwa ajili ya kushona na barua za benki zisizofunguliwa. Methali yetu inasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa mtu kama mimi shida huanza kabla ya kuinama, kwa sababu kilichokwisha kuingia mvunguni hutoka pia katika fikra, na siku zinapita bila kukumbuka kwamba kipo cha kutafutwa. Wakati wa masika, unyevu wa pwani uliotesha ukungu kwenye viatu vya ngozi na katika nguo zilizorundikana. Nilikuwa naona aibu kiasi kwamba mgeni akibisha hodi nilikimbia kwanza kufunga mlango wa chumbani kabla ya kumkaribisha.

Anayetazama kwa nje hudhani mtu huyo hajali. Mimi nilijali sana, na nilikuwa nasafisha mara nyingi kuliko wifi yangu ambaye chumba chake kinang'aa. Tofauti ilikuwa katika namna kazi inavyokwenda. Naingia chumbani saa tatu asubuhi siku ya Jumamosi nikiwa nimeazimia kabisa. Naokota kikombe nikipeleke jikoni. Jikoni naona ndoo ya maji iko nusu, natoka kujaza. Bombani nakuta sare za watoto hazijafuliwa, naloweka. Nikitafuta sabuni naiona kwenye mfuko uleule wenye risiti ya ada ambayo nilikuwa naitafuta tangu Jumatano, basi nakaa chini niisome. Adhana ya Adhuhuri inanikuta na kikombe kiko juu ya karo, sare ziko ndani ya beseni, risiti iko mkononi, na chumba kiko vilevile. Nimefanya kazi saa tatu mfululizo, nimechoka kweli, na hakuna jambo hata moja lililokamilika. Anayerudi nyumbani mchana akakikuta chumba katika hali hiyo atasema sikufanya chochote, na sina ushahidi wa kumpinga.

Watu wengi wameniuliza inakuwaje mwalimu mwenye maandalio ya somo yaliyo kamili na daftari la mahudhurio lisilo na doa ashindwe na chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili. Jibu nililielewa nikiwa na umri mkubwa. Shuleni kuna kengele. Kila dakika arobaini kitu fulani nje ya kichwa changu huniambia kipindi kimekwisha na kingine kimeanza, mwalimu mkuu hukagua Ijumaa, wanafunzi wananitazama, na chaki haina mahali pengine pa kukaa isipokuwa ubaoni. Chumbani hakuna kengele, hakuna mkaguzi, hakuna macho ya mtu, na kazi yenyewe haina mwanzo unaoonekana wala mwisho unaojulikana. Kwa ubongo wangu kuambiwa "safisha chumba" ni sawa na mwanafunzi wa darasa la kwanza kupewa karatasi tupu na kuambiwa aandike kitabu.

Nilivyofikia kujua ni kwa njia ya mwanangu wa kwanza. Alipokuwa darasa la tatu tulimpeleka hospitali ya rufaa kwa sababu hakuweza kukaa kitini wala kumaliza zoezi, na daktari wa afya ya akili, baada ya kumchunguza kwa siku mbili tofauti na kuzungumza na mwalimu wake, alinigeukia akaniuliza mimi nilikuwa mtoto wa namna gani. Alinieleza kwamba hali hii hurithiwa kwa kiwango kinachokaribia kile cha kurithi kimo. Aliniomba nilete ripoti zangu za shule, kwa kuwa miongozo ya uchunguzi inataka dalili ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12 na zijitokeze katika mazingira zaidi ya moja, siyo nyumbani tu. Mama yangu alikuwa amezihifadhi kwenye sanduku lake. Karibu kila mwalimu alikuwa ameandika jambo lilelile kwa maneno yake: kwamba nina uwezo, kwamba nasahau, kwamba vitu vyangu havina mpango. Sikuwa mtundu. Nilikaa kimya karibu na dirisha, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka; wasichana wengi wenye ADHD hupita shule nzima bila kutambuliwa kwa sababu fikra zao ndizo zinazotangatanga huku miili yao imetulia.

Naomba niseme kidogo kuhusu historia, kwa sababu inahusu moja kwa moja lawama iliyomo katika makala ile. Mwaka 1902 daktari wa watoto wa Uingereza, George Still, alitoa mihadhara mjini London kuhusu watoto wenye akili timamu ambao hata hivyo hawakuweza kujizuia wala kudumu katika jambo, naye akaiita hali yao kuwa ni kasoro katika kujitawala kimaadili. Kwa hiyo hata tiba ilianzia mahali alipo mwandishi wetu, katika maadili. Iliondoka hapo baada ya miongo kadhaa ya utafiti juu ya ubongo, na leo inazungumzia mifumo ya dopamini na noradrenalini, yaani kemikali zinazopitisha ujumbe kati ya seli za ubongo, na sehemu za mbele za ubongo ambazo kazi yake ni kupanga, kuanza, kuacha na kukumbuka ulichokuwa ukifanya. Mwongozo uliotolewa mwaka 2013 na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani unakadiria kwamba watoto wenye hali hii ni kama 5 katika kila 100, na watu wazima ni kati ya 2 na 3 katika kila 100. Darasa ninalolifundisha mwaka huu lina wanafunzi 84. Ninapolitazama sasa, najua kwamba huenda wanne kati yao wanarudi nyumbani kila jioni kuitwa wachafu, wavivu au wenye kichwa kigumu, na kwamba baadhi yao wanachapwa kwa ajili hiyo kama nilivyochapwa mimi.

Nilipokuwa nimeolewa mwaka wa pili, mama mkwe wangu, kwa huruma yake, alituagizia kwa fundi seremala kabati kubwa la milango minne na droo sita ili nipate mahali pa kuweka kila kitu. Ni zawadi ya gharama na niliishukuru kwa dhati. Lakini kabati lile lilinizidishia matatizo, kwa sababu kitu kikifungiwa nyuma ya mlango kwangu kinakuwa kama hakipo duniani. Nilinunua sidiria mpya nikiwa nazo tano droo ya tatu. Nilinunua mikasi mitatu kwa mwaka mmoja. Nguo nilizozihitaji nilianza kuziacha nje ili nisizisahau, yaani lile lundo la kwenye kiti lilikuwa, kwa upande fulani, ni kumbukumbu yangu iliyowekwa mahali panapoonekana. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, na nilipolielewa mwenyewe nililia.

Hapo ndipo nilipokumbuka vyumba vya wazee wetu. Nyumba za kale za mawe kule Lamu zina zidaka, vishubaka vilivyojengwa ukutani safu juu ya safu, ambamo vyombo vya thamani na vitabu vilikaa wazi mbele ya macho. Nyanya yangu mzaa mama hakuwa na nyumba ya mawe, lakini chumba chake kilikuwa na kamba moja ya kanga, makapu mawili ya ukili yasiyo na vifuniko, sanduku moja la nguo za sherehe, na hapakuwa na kitu ambacho huwezi kukiona ukisimama mlangoni. Vitu vyake vilikuwa vichache na vilikuwa wazi. Sisi tumechukua kabati lenye milango kuwa alama ya ustaarabu, tena tukamhukumu asiyeliweza.

Mwaka jana, kwa idhini ya mume wangu na baada ya kumweleza mama mkwe kwa adabu sababu zangu, tuling'oa milango miwili ya kabati lile. Sasa rafu ziko wazi na kila rafu ina aina moja tu ya kitu. Kwa ajili ya zile nguo za kati, zisizo safi wala chafu, fundi alitutengenezea ubao wenye misumari sita na kuugongomea ukutani kando ya dirisha, mahali penye mwanga na upepo, kwa sababu mbu hupenda kujificha mchana katika nguo zilizotundikwa kwenye pembe zenye kiza. Misumari ni sita, na nimekataa wa saba. Yote ikijaa, vazi moja huenda kufuliwa kabla jingine halijatundikwa. Nguo chafu zina kapu lisilo na kifuniko, nami nimeliweka palepale ninapovulia nguo, siyo bafuni linapotakiwa kuwa kwa desturi, kwa kuwa hatua kumi kutoka kitandani hadi bafuni zilitosha kuniangusha kila usiku kwa miaka 15. Shuka tunazo jozi mbili tu, moja kitandani na nyingine kambani au rafuni, na mvungu nimeuzibua wote hadi mfagio unapita bila kugonga kitu.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni beseni la mlangoni. Nikianza kusafisha naweka beseni kubwa mlangoni, na kila kitu ambacho mahali pake ni nje ya chumba, kiwe kikombe, daftari, kichezeo cha mtoto au pasi ya jirani, kinatumbukia humo. Mimi mwenyewe sitoki mpaka nimemaliza. Ule mwendo wa kikombe kwenda jikoni niliousimulia hapo juu haupati nafasi ya kuanza. Tena siendi kona kwa kona, kwa sababu kila kona ina mambo ishirini ya kuamua na kichwa changu huzimika kwenye la nne. Nazunguka chumba kizima nikiokota takataka peke yake, kisha nazunguka tena nikitafuta vyombo, kisha nguo. Kwa mizunguko hiyo mitatu, chumba kilichonishinda kutwa nzima kinakuwa karibu tayari, na vitu vinavyobaki ni vichache vya kutosha kufikiriwa kimoja kimoja.

Muda nao ulihitaji kengele. Mtu mwenye hali hii hahisi dakika zinavyopita. Dakika kumi na saa nzima zina uzito uleule kwake. Kwa hiyo nimejifunga kwa mambo ambayo hayanisubiri mimi. Kila siku baada ya adhana ya Alasiri ninazunguka chumba kwa ajili ya nguo tu, hata kama ni nguo mbili, na usiku redio inapoanza taarifa ya habari ya saa mbili naweka beseni mlangoni na kufanya kazi mpaka taarifa imalizike, halafu naacha. Kuacha ni muhimu kama kuanza. Zamani nilikuwa nikipata nguvu saa tano usiku naanza kupanga upya kabati zima, nalala saa tisa na vitu vyote viko juu ya kitanda, na wiki nzima inayofuata sigusi chochote.

Halafu kuna wifi yangu, ambaye namtaja kwa shukrani. Siku za Jumamosi huja na ungo wake wa mchele, hukaa kwenye kona ya kitanda na kuchambua, na tunazungumza mambo yetu huku mimi nazunguka. Hashiki kitu changu hata kimoja wala haniambii nianze wapi. Kuwepo kwake tu kunanifanya nikumbuke ninachokifanya. Daktari aliponiambia kwamba watu wengi wenye ADHD hufanya kazi vizuri zaidi wakiwa na mtu kando yao, nilifikiria kazi za wanawake wa huku kwetu: kutwanga kulikuwa kwa zamu, kufua kulikuwa kisimani pamoja na wenzako, ukili ulisukwa barazani, kuni zilifuatwa kwa kundi. Kazi ya chumba cha kulala ndiyo iliyobaki kuwa ya mtu mmoja nyuma ya pazia, na huko nyuma ya pazia ndiko wengi wetu tunakoshindwa.

Kuhusu dawa nitasema machache. Nilipewa, zinanisaidia, na sidhani mtu yeyote anapaswa kuzitumia bila daktari, kwa kuwa ni dawa zinazodhibitiwa kisheria. Hazisafishi chumba, zinanipa ile pumzi ndogo kati ya kuona kazi na kuianza. Methilifenideti, ambayo ndiyo inayotumika zaidi duniani kwa hali hii, iliombewa kuingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 na tena mwaka 2021, na mara zote mbili haikuingizwa. Nchi nyingi huitazama orodha hiyo zinapopanga orodha zao. Mimi nimewahi kukaa miezi miwili bila dawa kwa sababu haikupatikana mahali nilipozoea kuinunua, na katika miezi hiyo misumari sita na beseni la mlangoni ndivyo vilivyonishika.

Sitetei uchafu, na nisingependa msomaji anielewe hivyo. Chumba kilichorundikana kinaleta mende na panya, kinatia ukungu katika mapafu ya mtoto mwenye pumu, kinafanya chandarua kisichomekwe vizuri chini ya godoro. Dini yangu inanifundisha kwamba usafi ni katika imani, na nimeswali katika chumba hicho nikiwa na huzuni juu ya hali yake. Kwa sababu usafi una uzito huo ndiyo maana naona si haki kumfundisha mtu kwa njia isiyoingia katika ubongo wake, kisha kushindwa kwake kukawekwa kwenye hesabu ya tabia. Mtoto asiyeona ubaoni tunampeleka apimwe macho na kumsogeza mbele. Hatumwambii akaze macho.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ninaomba mambo mawili. La kwanza, ukurasa wa familia utakaporudi kwenye mada hii, umpe nafasi daktari wa afya ya akili au mtaalamu wa saikolojia aeleze dalili za ADHD kwa watoto wa kike na kwa watu wazima, na mahali familia inapoweza kuanzia, ambapo kwa kawaida ni kituo cha afya kilicho karibu kwa ajili ya barua ya rufaa. La pili ni kwa mwandishi wa makala ile. Wapo mabinti waliosoma ushauri wake wakiwa katika umri wa kuposwa, na baadhi yao wamefunga milango ya vyumba vyao kama nilivyokuwa nafunga wangu. Naomba awaandikie hao pia. Binti yangu ana miaka 11, ameanza kusahau madaftari yake, na ubao wake wa misumari tuliugongomea wiki iliyopita, chini kidogo, mahali mkono wake unapofika.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa shule ya msingi, Tanga
(Jina na anwani vimehifadhiwa)